Upepo umekata katikati ya bahari: tuwashe injini au tusubiri?

"Shikamoo nahodha. Tuna boti ya tanga ya mita 12, injini dizeli hospawa 40, tanki lita 200 na madumu manne ya lita 20 tunayafunga kwenye deki. Mwezi ujao tunaanza safari ya maili kama 2,600 bila kusimama popote, tuko watatu, mimi, mke wangu na shemeji. Kwenye safari ndogo ya majaribio upepo ulikata siku nzima, shemeji akawasha injini akaikanyaga karibu na mwisho anasema tutoke haraka kwenye shwari, mke wangu anasema boti ya tanga iende kwa tanga, kama ni kusubiri tusubiri. Mimi niko katikati yao. Naogopa mafuta kuisha, naogopa pia kuiua injini kwa kuiendesha masaa 30 au 40 mfululizo. Kwa mizunguko 2,800 tunaenda noti 6.8 na inakula lita 6 kwa saa, kwa 1,700 tunaenda noti 5 na inakula lita 2. Sasa tuiwashe lini, tuendeshe kwa mwendo gani, na mafuta haya yanatosha?"

Marahaba ndugu yangu. Kwanza hongera kwa kupima ulaji wa mafuta, wengi wanaoniuliza swali kama lako hawajui injini yao inakula lita ngapi, wanajua ukubwa wa tanki tu basi, na ukubwa wa tanki peke yake haukwambii kitu. (Kwa wasomaji wengine: noti ni maili za baharini kwa saa, sio hizi za mfukoni.)

Nianze na ugomvi wa nyumbani maana naona ndo unaokunyima usingizi kuliko injini. Shemeji yuko sahihi kwamba injini ni chombo halali cha safari, ila amekosea mwendo. Mama naye yuko sahihi kwamba dizeli sio ya kumaliza safari, ila kukaa tu mnasubiri nako kuna gharama zake nitazifikia. Na wote wawili wameruka swali lenyewe. Upepo ukikata swali la kwanza sio "tuwashe au tusiwashe", ni "upepo uko wapi na ni maili ngapi kutoka hapa tulipo". Ukishapata jibu la hilo, mengine yote yanajipanga.

Sasa hesabu. Una lita 280 kwa jina. Toa zile za chini ya tanki ambazo mrija haufiki, au unafika ila pamoja na uchafu, tuseme lita 20, zinabaki 260. Hapo tenga theluthi moja usiiguse, hiyo ni ya kuchaji betri siku zote za safari, ya kuingilia bandarini, na ya siku mbaya ambayo hakuna anayeipanga. Kuchaji tu kama jua na upepo havitoshi, saa moja kwa siku kwa siku 20 zaidi ni lita kama 30 hivi zimeondoka na hamjasogea hata maili moja. Kwa hiyo ya kutembelea unayo kama lita 175. Kwa mwendo wa shemeji, lita 6 kwa saa, hizo ni masaa 29, maili karibu 198. Kwa mizunguko 1,700 ni masaa 87 na ushee, maili kama 437. Mafuta ni yale yale, boti ile ile, umbali zaidi ya mara mbili, na ulichopoteza ni noti moja na pointi nane tu. Na hata hizo 437 ukiziweka kwenye 2,600 ni kama sehemu moja ya sita ya safari, ndo maana nasema dizeli haikufikishi, inakuvusha sehemu chache tu, ni juu yako kuchagua zipi.

Kwa nini tofauti inakuwa kubwa hivyo? Boti inayopasua maji ikiwa imezama ndani yake kama yenu, tofauti na ile inayoruka juu ya maji, inatengeneza wimbi lake yenyewe omo, yaani mbele, na lingine linafuata nyuma. Kadiri unavyoongeza mwendo wimbi linarefuka, mpaka linafika urefu sawa na sehemu ya boti inayogusa maji, hapo boti imekaa kwenye bonde la wimbi lake yenyewe na kuongeza zaidi ni kama kupanda mlima ambao unaujenga mwenyewe kila sekunde. Kujua ukomo wako chukua urefu wa hiyo sehemu inayogusa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.43. Kama yenu ni mita 10 inakuja noti 7.7 hivi. Noti 6.8 mko karibu na mlima huo tayari, nguvu nyingi inaishia kusukuma maji pembeni. Kwenye noti 5 bado mko tambarare, mbali na huo mlima, mnateleza. Ukitaka kuona kwa macho, siku ya bahari tulivu panda nyuma kwenye tezi angalia maji, kwa 2,800 utaona tako la boti limezama na nyuma kuna shimo la maji yanachemka, kwa 1,700 maji yanafunga nyuma yenu bila kelele. Mpelekeni shemeji akaone, hatabisha tena, au atabisha kidogo.

Kuna kosa lingine nalisikia sana, kwamba ukiwasha injini ushushe matanga yote. Inategemea upepo unatoka wapi. Chukua upepo wa noti 6 unaotoka ubavuni kabisa, peke yake hausukumi kitu cha maana. Ukiwasha injini mkaenda noti 5, upepo mnaousikia kwenye deki unakuwa karibu noti 8 na umehamia mbele kidogo, kama nyuzi 50 kutoka omo. Huo tanga linaushika, linavuta, unapunguza mafuta mpaka 1,400 mwendo unabaki pale pale, na juu ya hapo tanga linaituliza boti isiyumbe. Lakini upepo wa noti 8 unaotoka nyuma ukienda nao noti 5 unabaki noti 3 tu kwenye tanga, hapo tanga linalegea linapigapiga, heri ulikunje. Ndo maana mara nyingine kugeuza njia nyuzi 20 au 30 ili upepo uje ubavuni kunalipa kuliko kung'ang'ania mstari ulionyooka kwenye ramani, hata kama maili zinaongezeka kidogo.

Na kabla hujagusa ufunguo, je umetumia matanga mepesi? Spinaka au tanga kubwa la mbele la kitambaa chepesi linaamka kwenye noti 6 au 7 za upepo wa nyuma wakati tanga lenu la kawaida limelala. Kama hamna sio lazima mnunue kwa pupa, ila kama lipo chini kwenye mfuko tangu mnunue boti, litoeni mlizoee kabla ya kuondoka, sio siku ya kwanza ya kulifungua iwe katikati ya bahari saa kumi na moja jioni.

Sasa zile gharama za kusubiri. Upepo unakata lakini mawimbi ya mbali hayakati, yanakuja kutoka dhoruba iliyopiga huko maelfu ya maili na hayana habari na shwari yenu. Boti inabingirika kushoto kulia, na tanga kuu linajaa hewa ya kubingirika, paa! linarudi, paa! Hiyo sauti ukiisikia usiku kucha unajua ni pesa inachanika. Mishono inaachia, boriti ya chini ya tanga kuu inang'oa viungio vyake, kamba zinasuguana mpaka zinatoa manyoya. Nimeona tanga lililovumilia upepo mkali wiki nzima likachanika kwenye shwari ya siku mbili. Kwa hiyo mama akisema tusubiri mwambie sawa, ila tunasubiri na tanga kuu limeshushwa, au limekunjwa na kuvutwa katikati kwa nguvu na boriti imefungwa kamba isicheze.

Niwashe lini basi? Mimi sheria yangu ni hii, unaweza kuibadilisha ila iandikeni kabla ya kuondoka, mkiwa bado mnapendana. Mwendo ukiwa chini ya noti mbili na nusu, tanga halikai, na utabiri unaonyesha upepo uko ndani ya umbali ambao mafuta tuliyojipangia leo yanafika, tunawasha. Kama utabiri unaonyesha shwari ya maili 400 mbele na upepo wenyewe utakuja hapa tulipo baada ya siku mbili, hatuwashi, tunapika, tunashona tanga, tunalala. Faili za hali ya hewa za satelaiti zinakuonyesha hilo vizuri tu kwa siku tatu nne za mbele, zaidi ya hapo zichukulie kama uvumi. Ukinaswa kwenye kitovu cha mgandamizo mkubwa wa hewa, ile hali barometa iko juu, mbingu safi na hakuna jani linalotikisika, usikate katikati yake, upepo uko pembeni mwake kwa hiyo tafuta ukingo ulio karibu na njia yako. Kwenye ukanda wa shwari wa karibu na ikweta, ule mabaharia wanauita doldramu, kazi ni kuuvuka kwa njia fupi, yaani kwenda kaskazini kusini, sio kutembea ndani yake. Atlantiki ukanda huo unakuwa mpana upande wa Afrika na unapungua ukienda magharibi, ndo maana wanaovuka ikweta wengi wanaenda kuukatia huko longitudo ya nyuzi 25 mpaka 30 magharibi hata kama inaonekana wanazunguka. Na huko shwari inadanganya, masaa sita hakuna kitu halafu wingu jeusi linakuja na upepo wa noti 30 kwa robo saa. Ukiwa unaendesha injini na tanga lote liko juu kwa uvivu, hapo ndo utajuta.

Sasa injini yenyewe, hofu ya kuiua. Dizeli haifi kwa kuendeshwa masaa 40. Injini hizo kwenye boti za wavuvi zinanguruma siku na siku, kinachozichosha zaidi ni kuwashwa, kuzimwa na kuachwa baridi zikiwa na unyevu. Kinachoiumiza ni kuiacha ingurume saa nyingi bila mzigo, mfano mmetia nanga mnachaji betri kwa gia huru masaa matatu kila siku, haipati joto, mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa kwenye vali na kuta za silinda zinakuwa laini kama kioo mpaka ringi hazishiki na inaanza kula oili. Mizunguko 1,700 ikiwa inasukuma boti ina mzigo, sio mkubwa ila upo. Ili uwe na amani kila masaa manne au matano ipandishe mpaka 2,600 kwa dakika kama kumi na tano ichome masizi, halafu rudi. Kila masaa 24 izime, subiri dakika kumi oili ishuke, pima kwa stiki, angalia mkanda wa alternata. Ukiona unga mweusi umejimwaga karibu na mkanda, huo ni mkanda wenyewe unaisha, kaza au badili. Kubadili oili fuata kitabu cha injini yako, na hesabu masaa ya safari nzima mapema maana unaweza kufikia kikomo ukiwa katikati. Na kitabu hicho hicho kitakwambia injini inaruhusiwa kuinama nyuzi ngapi, boti ikilala sana upande mmoja huku injini inawaka pampu ya oili inaweza kunyonya hewa.

Kinachozima injini baharini mara nyingi sio injini, ni dizeli chafu. Hapa nikupe kisa changu, nilikuwa kijana, nimepewa boti ya mtu niipeleke. Siku ya tatu shwari, nikawasha nikaenda kwa fujo kama shemeji yako. Siku ya nne usiku injini ikaanza kukohoa, mizunguko inapanda inashuka, kisha kimya. Tanki lilikuwa na miaka ya uchafu chini, pale ambapo maji yanakaa chini ya dizeli wadudu wadogo wanazaliana wanatengeneza kitu kama kamasi nyeusi, bandarini kimelala kimya, ukifika kwenye mawimbi kinatikiswa kama chupa ya dawa na chote kinaenda kwenye filta. Nikabadili filta kwa tochi mdomoni, imeingia hewa, nikapiga stata, ikagoma, nikapiga tena na tena. Sikufunga koki ya maji ya bahari. Pampu ya maji inazunguka kila stata inapozunguka, lakini hakuna moshi wa kuyasukuma nje, sailensa ikajaa, maji yakarudi nyuma mpaka kwenye silinda. Tulimaliza safari kwa tanga na taa ya tochi. Kwa hiyo wewe na shemeji na mama, wote watatu, fanyeni zoezi bandarini: funga koki, badili filta, toa hewa kuanzia upande wa tanki kuelekea kwenye injini, filta ya kwanza, pampu ya mkono, filta ya pili, halafu ndo stata, ikishika tu fungua koki hapo hapo. Bebeni filta nyingi kuliko mnavyodhani ni akili, na impela (vile vigurudumu vya raba vinavyozunguka ndani ya pampu ya maji) angalau mbili na gasketi zake. Kila baada ya kuwasha chungulia nyuma, maji lazima yawe yanatoka na moshi, yasipotoka izime usisubiri alamu.

Madumu ya deki, dumu moja likijaa ni kilo kama 17, manne ni mtu mzima mmoja amelala juu ya deki yenu. Yafungeni chini karibu na katikati, na siku ya kwanza tulivu baada ya tanki kupungua hamishieni yote kwa mrija wa kunyonya na chujio, msisubiri shida ije na mawimbi.

Vitu viwili vya usalama watu wanavipuuza. Injini ikiwa inasukuma, hata matanga yote yawe juu, kisheria nyie sio boti ya tanga tena, ni chombo cha injini, kanuni za kimataifa za kuzuia migongano za 1972 zinasema hivyo wazi. Hamna ile haki ya kupishwa ambayo boti ya tanga inayo mbele ya chombo cha injini. Mchana mnatundika koni nyeusi mbele ncha ikiangalia chini, usiku mnawasha ile taa nyeupe ya mlingotini ya chombo cha injini pamoja na za pembeni na nyuma, na kuzima ile ya rangi tatu ya juu kabisa. Meli kubwa ikiona taa za tanga itatarajia mwendo na tabia tofauti na mlizonazo.

La pili ni moshi. Upepo mwepesi wa nyuma unaurudisha moshi ndani, tena ukiwa umefungua mlango wa nyuma na umefunga ya mbele, kabini inauvuta kama bomba. Wekeni alamu ya kaboni monoksaidi karibu na vitanda. Mtu akiamka na kichwa kinamgonga, kichefuchefu, amelewa usingizi, usimwambie ni mawimbi tu, zima injini, mtoe nje, na kama hajarudi sawa haraka au alipoteza fahamu pigeni simu ya satelaiti kwa huduma ya daktari wa baharini, hiyo sio ya kujitibu.

Ah, na kuogelea. Shwari inavutia, najua. Boti isiyokwenda inaweza kuanza kwenda kwa pumzi moja ya upepo na ikakuacha, kwa hiyo abaki mtu juu siku zote, kamba ndefu nyuma, matanga chini, injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni kwa aliyebaki. Kamba ikinasa propela na mawimbi yapo, msiingie, tako la boti linapanda na kushuka lingekuvunja kichwa, nendeni kwa tanga mpaka bahari itulie kweli.

Mwisho niwe mkweli, kuna mambo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia. Kama boti mliinunua imetumika na hamjui tanki lilisafishwa lini, itisha fundi wa injini za baharini aje afungue kifuniko cha tanki kabla ya mwezi kuisha, na akiwa hapo aangalie kiwiko cha sailensa kama hakijaziba kwa kutu, raba zinazobeba injini, na shafti kama imenyooka, masaa 40 mfululizo yanafichua vyote hivyo. Moshi wa bluu usioisha, oili iliyogeuka rangi ya maziwa, joto linalopanda ukiongeza mizunguko, ukiona kimojawapo sasa hivi safari inasubiri fundi. Ukiona oili ya maziwa huko katikati, usiiwashe tena isipokuwa ni suala la roho, nendeni kwa tanga na mtoe taarifa nchi kavu mapema mlipo na hali ilivyo.

Kwa sasa fanya hivi: jaza tanki mpaka juu, tembeza boti masaa kumi kwa 1,700, halafu jaza tena uone zimeingia lita ngapi. Ile lita 2 kwa saa kama uliisoma kwenye jedwali la kiwanda tu, boti ikiwa na mzigo wa safari na chini imeota magugu itakuwa nyingine. Ukipata namba niandikie tupige hesabu upya.